Mama, mwache kijana azunguke, ila muulize kwanza kadi yake inaisha lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana manake najijua, nikianza kuongea sinyamazi. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya mama mmoja wa Tabata ambaye kijana wake anasoma Ujerumani, na likizo hii kijana anataka kuzunguka nchi saba nane za Ulaya na wenzake, begi mgongoni, kulala popote, kula chochote. Mama anauliza ile hela ya akaunti ambayo ukoo mzima ulichanga ndo inaenda kuishia kwenye mabasi? Af mwisho akauliza huko barabarani anajifunza nini ambacho chuo hakimfundishi.

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa huyo kijana wako, Julai 2023, nikiwa nasoma Leipzig, na mama yangu alisema maneno hayohayo ila yeye aliyasema kwenye simu kwa sauti ya juu. Nilikwenda, nikarudi, shahada nimemaliza, na sasa niko nyumbani Lindi. Nakujibu kwa niliyoyaona sio kwa niliyoyasikia.

Tuanze na hela maana najua ndo roho ya barua yako. Mwaka ule kiwango cha ile akaunti ya kufungiwa, ile mwanafunzi anayowekewa hela ya mwaka mzima kabla ya kupewa viza, kilikuwa euro 11,208, benki inakuachia 934 kwa mwezi, hupati zaidi hata ulie. Ukilipa chumba, bima, simu na chakula hubaki na ya kuchezea. Kwa hiyo mtoto anayesema anakwenda kuzunguka kwa hela ya akaunti ama anadanganya ama hajapiga hesabu. Mie nilibeba maboksi kwenye stoo ya vifurushi kila Jumamosi kuanzia Januari, nikaweka pembeni kidogokidogo mpaka ikafika euro 900. Nilitumia 840 kwa siku 22. Kwa bei ya euro ya kipindi kile ni kwenye milioni mbili na robo za kwetu, sio hela ndogo, sikatai, ila ilikuwa ya mgongo wangu mwenyewe. Na ndani ya hiyo 840 kuna kama mia na kitu ambazo zilipotea kwa ujinga tu. Ujinga ndo ulioniuma kuliko mabasi na hosteli, na hizo mia na kitu ndo ada ninayotaka kijana wako asiilipe.

Tulikuwa wanne. Mimi, jamaa mmoja wa Mwanza, dada mmoja wa Mombasa, na Mkongo wa Bukavu, nitawaita kwa miji yao. Wote Kiswahili, kila mtu na chake, yule wa Bukavu akiongea haraka hatumwelewi, akipunguza anaeleweka vizuri tu. Tulipanga kwenda Agosti. Sasa siku moja dada wa Mombasa kakaa kimya anaangalia kadi yake ya ukaazi, anasema jamani mie hii inaisha tarehe 31 Julai. Ndo tukajua hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameangalia ya kwake! Kadi ya Ujerumani pamoja na pasi ya kusafiria vinakuruhusu kuzunguka nchi zingine za Schengen, zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi mipakani mwao, hadi siku 90 ndani ya siku 180 bila viza nyingine, lakini viwe hai vyote viwili na viwe mfukoni, sio picha kwenye simu. Tukavuta safari nyuma ikaanza tarehe 9 Julai, mitihani imeisha juzi, hatujalala vizuri. London tukaifuta kabisa manake Uingereza haimo kwenye Schengen, viza yake ni nyingine na bei yake ni nyingine.

Tarehe 9 ilikuwa Jumapili. Tulikubaliana tutanunua mikate, ndizi na maji asubuhi tukielekea stesheni. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa! Tumeishi huko karibu mwaka mzima na bado wote wanne tumesahau. Tukanunua mikate ya stesheni kwa bei ya stesheni, na mfuko wa pamoja ukaanza safari ukiwa umeshapungua kabla treni haijaondoka.

Treni yenyewe hatukulipia siku hiyo manake tulikuwa na ile tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, unapanda treni zote za mikoani na mabasi ya mjini nchi nzima. Zile treni za mwendokasi huruhusiwi. Ya mikoani inasimama kila kijiji, ila unafika. Baada ya mipaka tulitumia mabasi, ya usiku hasa, manake ukilala kwenye basi umeokoa kitanda. Shingo itauma lakini una miaka 24. Bukavu yeye alinunua pasi ya treni ya Interrail, ile ya wakaazi wa Ulaya, akatucheka, treni bwana, nyie endeleeni na mabasi yenu. Kicheko kikaisha alipoambiwa treni za kasi za Ufaransa na nyingi za Italia pasi peke yake haitoshi, siti unaiwekea nafasi na unalipia juu yake. Kila akilipa tunamuangalia tu, hatusemi kitu.

Berlin mchana huohuo tukaenda makumbusho ya viumbe asilia, na hapa naomba nikae kidogo.

Bibi yangu mimi ni wa Lindi vijijini. Tukiwa wadogo alikuwa anatusimulia babu yake alivyobeba mifupa ya zimwi kichwani, siku kadhaa za kutembea mpaka bandarini, Wajerumani wakalipakia kwenye meli. Tulijua ni hadithi ya kutulaza. Sasa nimeingia kwenye ule ukumbi, nanyanyua shingo, namuona mjusi wa kale, dinosaria, urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, karibu agonge paa, na chini imeandikwa Tendaguru. Tendaguru ya kwetu! Wachimbaji wa Berlin walikuwa pale kuanzia 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kuisha, na watu wa kwetu mamia kwa mamia ndo waliochimba, wakafunga, wakabeba mizigo zaidi ya tani 200 mpaka Lindi mjini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna mjusi mwingine wa hukohuko Tendaguru ambaye wanasayansi wa miaka hii wamempa jina la kitaalamu linalotokana na huyo Boheti. Yule mrefu wa katikati walimsimamisha 1937, ni mifupa ya wanyama kadhaa iliyounganishwa.

Niliganda. Wenzangu wakadhani naumwa. Mwanza akasema kumbe ndo huyu mjusi ambaye wabunge wa kwenu kila baada ya muda wanamdai bungeni, nikamjibu ndo huyu. Watoto wa shule wa Kijerumani wanapita wanapiga picha, wanajua jina lake refu la Kilatini, na mie mzaliwa wa Lindi mpaka siku hiyo sikuwahi kufika Tendaguru hata kwa bodaboda, kilomita kama 60 tu toka mjini. Nikampiga picha tukaondoka. Mwaka uliofuata nilivyorudi nikamuonyesha bibi kwenye simu. Aliangalia sana, akapanua picha kwa vidole nilivyomfundisha, af akauliza, "Na babu wamemwandika?" Nikamwambia la msimamizi wao nimeliona kwenye vitabu bibi, la babu sikuliona. Akanirudishia simu akaendelea kuchambua mchele.

Haya tuendelee, manake nikikaa hapo barua haitaisha.

Prague nzuri ila hela yao ni nyingine, koruna, na Hungary ni forinti, kwa hiyo usibadilishe euro nyingi kwenye vile vibanda vya barabarani vilivyoandika kamisheni sifuri, lipa kwa kadi ya benki na mashine ikikuuliza unataka kukatwa kwa hela ya kwenu au ya hapo, chagua ya hapo. Kwenye mji mmoja wa njiani, sitautaja, tulinunua tiketi halali kabisa nne tukapanda tramu tukakaa kwa raha zetu. Akaja mkaguzi. Tukamuonyesha kwa majivuno kabisa. Anauliza mhuri uko wapi? Kumbe kuna miji unanunua tiketi af unaitumbukiza kwenye kimashine inagongwa saa na tarehe, bila hivyo ni karatasi tu hata kama umelipia. Tulieleza, Bukavu akaeleza kwa Kifaransa, dada wa Mombasa akaapa wallahi hatukujua, wapi. Faini kila mtu, kama euro 40 kichwa. Nilikuwa na hasira siku mbili nzima, ila ukweli maelekezo yalikuwa yamebandikwa kwenye kioo na picha juu, sisi tulikuwa tunapiga soga. Italia pia zile tiketi za karatasi za treni za mikoani ni hivohivo, unagonga kabla ya kupanda. Huko hatukukosea, tulikuwa tunagonga kila kitu tunachokiona.

Vienna ndo nilipojifunza kuacha kununua maji. Maji ya bomba ya pale yanatoka chemchemi za milimani tangu 1873, baridi na matamu, halafu sisi tulikuwa tunanunua chupa. Roma nako kuna mabomba ya barabarani yanatiririka mchana na usiku bure, yako kama 2,500, wenyewe wanayaita nasoni, pua kubwa. Chupa moja unajaza siku nzima. Na zile chupa za plastiki mnazonunua Ujerumani msitupe, nyingi zina amana ya senti 25, unaingiza kwenye mashine dukani unarudishiwa hela yako. Kule Leipzig Mwanza alikuwa anaokota hadi za wenzake bwenini, tukamcheka, mwisho wa wiki kanunua mkate na soseji kwa hela ya chupa.

Na hapohapo Vienna kulitokea kisa cha dagaa. Mwanza alikuwa na mfuko wa dagaa wa kukaanga aliotumiwa na shangazi yake, hakutuambia, kaupakia chini ya begi. Jikoni hosteli akaweka mafuta, akaweka nyanya, akamwaga dagaa. Ndani ya dakika tano jiko limebaki letu peke yetu. Kijana mmoja wa dawati la mapokezi akaja kuuliza kwa adabu sana kama kuna kitu kimeungua. Tulifungua madirisha yote, tukala ugali wa semolina na dagaa, na nakuambia mama sijawahi kula chakula kitamu vile Ulaya nzima. Ila shida ilikuwa baadaye, mfuko haukufungwa vizuri, na begi lile lilienda nalo Budapest, likapanda ndege, likafika Roma.

Ndege. Toka Budapest tulikata tiketi za bei chee, na hapa kijana wako asikilize vizuri. Jina la kampuni silitaji. Cha kwanza, begi la bure ni dogo kuliko unavyofikiri, linatakiwa liingie chini ya siti, wana kisanduku cha chuma pale getini, lisipoingia unalipa na bei ya getini ni ya kukomoana. Tulivaa jaketi mbilimbili Julai, soksi mfukoni, chaja kwenye kofia. Likaingia. Cha pili ndo kilichotutoa jasho. Sie tulikuwa na tiketi kwenye simu kama kila mtu, tukapita ukaguzi, tukafika getini dakika 30 kabla, tunaambiwa wenye pasi zisizo za Ulaya walitakiwa wapite kaunta kwanza nyaraka zao zikaguliwe. Ilikuwa imeandikwa kwenye ile barua pepe, maandishi madogo, aya ya mwisho, nani anasoma? Mwanza na mimi tulikimbia kurudi, kaunta ina foleni, tukaomba watu njia, tukarudi getini roho mkononi. Tulipanda wa mwisho. Mzungu aliyekaa karibu na Mwanza alihama siti kabla ndege haijaruka, mpaka leo tunabishana kama ni sababu ya dagaa au jasho.

Roma tarehe 18 Julai ilifika nyuzi 41.8, wenyewe walisema hawajawahi kuona. Mie mtu wa pwani nilidhani joto nalijua, kumbe nalijua lenye upepo wa bahari. Mawe yale yanachemka kutoka chini. Na siku hiyo ndo tuligombana.

Dada wa Mombasa ndo alikuwa mshika hela wetu. Kila mtu anaweka euro 60 kwenye mfuko, zikiisha tunaweka tena, na kila kitu anaandika kwenye kidaftari, mkate, tiketi, choo. Choo nacho kinalipiwa, euro moja sehemu nyingi, wallahi nilijuta kunywa yale maji ya bure. Sasa Mwanza anataka tukae mgahawani kama watu, tupigwe na kiyoyozi. Bukavu anataka teksi. Mimi nataka kwenda Pantheon, lile hekalu la kale, na ilikuwa imeanza kulipiwa euro 5 mwezi huohuo tu, miaka yote ilikuwa bure, bahati gani hiyo. Dada anasema mfuko una euro 22 na hatoi hata senti. Tukaanza kurushiana maneno katikati ya uwanja watu wanatuangalia, vitu vya tangu Prague vikafukuliwa, nani hukoroma, nani haoshi sufuria, nani kabeba dagaa. Bukavu akakaa kwenye kivuli akasema njo vile, tutapigana bure, watu wanne hawawezi kuwa na tumbo moja.

Hapo ndo tukatengeneza sheria ambayo ingetakiwa tuwe nayo tangu Leipzig. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana kila mtu kivyake, hela yake ya mfukoni, aende anakotaka. Mfuko wa pamoja ni usafiri, kitanda na chakula cha jioni basi. Siku iliyofuata kila mtu alirudi na hadithi yake na tulikuwa tumemisiana kabisa. Ningekuwa na uwezo sheria hiyo ningeibandika kwenye mlango wa kila bweni. Urafiki wetu ungekufia Roma kwa sababu ya euro 22, na hawa ni watu ambao mpaka leo mmoja wao akiniomba figo nitamuuliza kwanza ya kulia au ya kushoto.

Uswisi tulipita siku moja, ghali, milima mizuri, na nikajifunza kwamba bando la Ulaya linafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya bila nyongeza ila Uswisi haimo kwenye Umoja. Nilifungua ramani nikaangalia na video mbili za mpira, ikaja bili ya euro 34. Zima data ukivuka mpaka ule, sina zaidi la kusema.

Paris ilinipa raha kwa sababu ya umri. Pale makumbusho ya Louvre ukiwa na chini ya miaka 26 na unaishi kihalali kwenye nchi za Umoja wa Ulaya unaingia bure, hawaangalii uraia, wanaangalia ukaazi. Nilitoa ile kadi ya Ujerumani, yule dada akaangalia, karibu. Bukavu alikuwa ametimiza 26 mwezi wa tano, akalipa euro 17 na ndo alikuwa mwenye Kifaransa peke yake! Ila bure au hela nafasi unaweka kabla mtandaoni na Jumanne wamefunga, tuliona watu wamesimama nje Jumanne ile na mabegi yao wanasoma karatasi mlangoni.

Brussels tulifikia kwa shangazi wa Bukavu, siku mbili tunakula pondu, kisamvu chao, na samaki, hakuna aliyegusa kidaftari. Mtaa wa Matonge pale Ixelles, jina limetoka Kinshasa, unasikia Kilingala kila duka. Sasa sie tulishazoea kwamba Kiswahili ni lugha yetu ya siri, tangu Prague tunasema watu mbele yao. Kwenye basi kuna mzee kavaa kofia ya ngozi ya ajabu na ni Julai, Mwanza akasema cheki mzee wa watu kavaa paka. Tukacheka. Mzee akageuka taratibu akasema, "Ninyi batoto, hii kofia ni ya baba yangu." Wa Lubumbashi! Nilitamani basi lipasuke. Tulimsalimia wote wanne kwa heshima zote tulizofundishwa, tukamuomba radhi, na alivyokuwa muungwana akatuuliza tumetoka wapi na tunasoma nini, tukaongea naye mpaka kituo chake. Tangu hapo tulikaa kimya kwenye mabasi.

Kesho yake tukapanda tramu namba 44 kwenda Tervuren kwenye makumbusho ya Afrika. Bukavu ndo alitaka. Ndani kuna mengi, vinyago, ngoma, wanyama, na siku hizi wamebandika maelezo ya aibu zao. Ila yeye alitupeleka kanisani pembeni. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakajengewa vijumba kwenye bustani watu waje kuwatazama, na saba wakafa hapo. Makaburi yao yako nje ya kanisa, saba kwa mstari. Alisimama pale muda mrefu, hakusema kitu, na Mwanza ambaye hawezi kunyamaza dakika tatu alinyamaza. Jioni kwa shangazi hakula.

Nchi ya mwisho ilikuwa Luxembourg. Nchi nzima usafiri wa umma ni bure tangu 2020, basi, tramu, treni daraja la pili, raia au mgeni, hakuna tiketi. Baada ya faini ile mkono wangu ulikuwa bado unatafuta kimashine cha kugonga. Tukaangalia ramani tukaona kumbe kuna basi linakwenda Schengen. Nilidhani Schengen ni jina la sheria, kumbe ni kijiji. Kijiji kidogo kabisa cha mashamba ya zabibu kando ya mto Moselle, na pale mtoni, kwenye meli, tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilisaini kuondoa ukaguzi mipakani mwao, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Luxembourg na Uholanzi. Nilikaa kwenye benchi pale. Nikakumbuka mafaili niliyokusanya Dar kupata ile viza, taarifa za benki, barua za chuo, picha zenye vipimo, miezi ya kusubiri, na kumbe neno lililokuwa linaninyima usingizi ni hapa, bata wawili na mzee anavua samaki.

Upande wa pili wa mto ni Ujerumani, mji unaitwa Perl, unavuka daraja kwa miguu. Tulivuka. Hakuna geti, hakuna askari, hakuna aliyetuuliza chochote, na wanne wote bila kuambiana tulikuwa tumeshatoa pasi mkononi. Stesheni ya Perl ile tiketi ya euro 49 ikaanza kufanya kazi tena, tukaunganisha treni za mikoani, tukachelewa moja tukalala Koblenz stesheni, tukafika Leipzig tarehe 30 jioni. Kadi ya dada ilikuwa imebakiza siku moja.

Sasa mama, hesabu zangu za ujinga ni hizi, faini 40, simu 34, mikate ya Jumapili, chupa za maji za wiki nzima, hela iliyoliwa na vibanda vya kubadilisha fedha. Kijana wako hana haja ya kulipa tena. Muulize kadi yake ya ukaazi na pasi vinaisha lini, akutajie tarehe. Muulize nani anashika hela na mmekubaliana nini mkigombana. Muulize kama amenunua kufuli yake mwenyewe, manake kabati za hosteli nyingi hazina, na pale mapokezi wanauza kwa bei mara mbili. Akijibu yote bila kubabaika mpe baraka zako aende. Akibabaika hapo kwenye tarehe, azuie tiketi kwanza akaangalie.

Na akipita Berlin amsalimie yule mrefu wa kwetu.

Msomaji wenu,
Lindi Mjini